Soko

Mwezi Agosti 1870, huko Kabambare, David Livingstone aliandika kwamba siku iliyotangulia watu wa hapo walikuwa wameua soko wanne. Nyasi zilichomwa moto, moto ukawatoa soko mafichoni, wakatokea uwandani, wakapigwa mikuki.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atadhani mchapaji amepitiwa. Soko tunalijua: huhamishwa, huungua, hubomolewa na wachuuzi wakaambiwa wasubiri jipya. Kuuawa kwa mkuki hatujapata kusikia. Lakini arudie kusoma, atazame ile silabi ya mwanzo kwenye hesabu. Soko wanne, si masoko manne. Ngeli imekwisha kusema lililopo kabla kamusi haijafunguliwa. Soko lile lina watu. Soko yule ana manyoya.

Nimeliweka neno hili katika kitabu kwa sababu ya kusini mwa Maniema, mashariki ya Kongo, mahali ambapo soko lile na soko yule walikaa karibu kiasi cha mwendo wa siku chache. Kabambare na Nyangwe zote ziko upande wa mashariki wa mto Lualaba, Nyangwe ikiwa ukingoni kabisa, kaskazini-magharibi mwa Kasongo. Mtu mmoja, mgonjwa, mwenye karatasi zilizokuwa zikimwishia, alipita Kabambare kisha Nyangwe, na madaftari yake yamejaa wanyama wa jina hilo na mikusanyiko ya biashara. Ajabu ni kwamba neno soko alilitumia kwa mnyama tu. Mkusanyiko wa biashara aliuita kwa jina jingine, na jina hilo tutalifikia.

Kwanza mnyama. Livingstone alikwama Kabambare kwa miezi, miguu ikiwa imeliwa na vidonda, hana la kufanya ila kuuliza na kusikiliza. Alidhani soko ni gorila. Waliokuja baadaye, wakipima maelezo yake, wameona ni sokwe. Picha aliyomchora kwa maneno si ya heshima: tumbo limetokeza, uso wa njano, sura ya jambazi. Lakini aliyosimuliwa na Wamanyema yana utamu wake. Soko hupiga magogo yenye uwazi kama ngoma. Soko akipambana na chui humkamata miguu ya mbele na kumuuma vidole. Soko humpora mtoto na kupanda naye mtini, ila akionyeshwa ndizi humwacha mtoto na kuchukua ndizi. Na wengine waliamini kwamba maiti waliozikwa hufufuka wakiwa soko. Ushahidi wao ni mmoja aliyeuawa akakutwa ana matundu masikioni, kana kwamba aliwahi kuwa mtu.

Baadaye mfanyabiashara mmoja wa pwani alimpa Livingstone mtoto wa soko, jike, ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Yule mtoto alinyoosha mkono abebwe. Akikataliwa alikunja uso na kusokota viganja kama binadamu aliyekata tamaa. Alijifunika mkeka akilala, akajifuta uso kwa jani. Ukisoma kurasa zile unamwona mwandishi, ambaye miezi michache nyuma alimwita mnyama huyu jambazi, akianza kulegea.

Miaka sita baadaye Henry Morton Stanley alipita kaskazini ya hapo, kwenye misitu ya Walega, akaona mafuvu yamepangwa kando ya njia ya kijiji. Akauliza ni ya nini. Akajibiwa: ya soko, nyama ya msituni. Alichukua mawili, akafika nayo Uingereza, akampa Thomas Huxley, bingwa wa mifupa wa zama zile. Huxley aliyachunguza akasema ni ya watu.

Watafsiri wa kisa hicho hukimbilia ulaji wa watu, maana ndicho wasomaji wa Ulaya walichokuwa wakinunua. Mimi hubaki kwenye neno. Mtu aliulizwa swali na mgeni mwenye bunduki mia, akachagua jina la mnyama anayefanana na mtu kuliko wote. Jina lile lilikuwa na nafasi ya kutosha kumficha binadamu ndani yake. Hata leo, sehemu za mashariki ya Kongo mnyama huyo huitwa sokomutu, na sisi wa upande huu wa Ziwa Tanganyika, tukilitumia umbo la sokwe, tunaongeza palepale: sokwe mtu. Lugha imeona haja ya kutaja mtu, kana kwamba haijaamua.

Umbo la sokwe ndilo lililoshinda katika vitabu vya shule, nalo limesaidia kuondoa mgongano. Jane Goodall alipoanza kazi Gombe mwaka 1960, kaskazini kidogo ya Kigoma, waliomwongoza walimwonyesha sokwe. Hakuna mtalii anayepelekwa Gombe kutazama soko.

Februari 1871 Livingstone aliweza kutembea tena, akaondoka Kabambare kuelekea magharibi. Mwishoni mwa Machi akafika Nyangwe.

Alikuwa anatafuta chemchemi ya Nile. Aliamini kwamba Lualaba, mto ule mpana unaotiririka kwenda kaskazini, ndio Nile yenyewe katika utoto wake, na kwamba akipata mtumbwi ataufuata hadi apate hakika. Alikosea, Lualaba ni Kongo. Lakini hapa neno letu linanifanya nisimame kidogo. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, lugha za majirani wa mashariki ya Maniema, isoko ni chemchemi, na isoko ni soko; sikio la mwenyeji hutofautisha kwa namna ya kutamka, jicho la msomaji halitofautishi. Kule Rutovu, kusini mwa Burundi, kuna kijito kinachoonyeshwa kuwa ndicho chanzo cha kusini kabisa cha Nile, na Warundi wanakiita isoko. Livingstone, basi, alikwenda Nyangwe akitafuta isoko, akapata isoko. (Kwa Kilingala cha vitabu, soko ni “ikiwa”. Hapo naacha, maana michezo ya namna hii haina mwisho.)

Alichokikuta Nyangwe kilikuwa kikubwa kuliko alivyotazamia. Watu wapatao elfu tatu, wengi wao wanawake, walikusanyika ukingoni mwa mto. Wengine walitoka mbali kilomita 30 au 40, mizigo kichwani na mgongoni. Wavuvi wa Lualaba walileta samaki kwa mitumbwi. Watu wa bara walileta muhogo, mawese, chumvi, pilipili, kuku, nguruwe, vitambaa vya nyuzi za mitende, vipande vya chuma vilivyonyooshwa ncha kuonyesha ubora wa madini. Majogoo waliwika wakiwa wananing'inia begani kichwa chini. Jasho lilitiririka kwa kubishana. Wanaume, anasema kwa kijembe kidogo, walitembeatembea na nguo zao za marinda zenye rangi kali, na kazi wakaifanya wanawake. Wafinyanzi walivipiga vyungu vyao kwa mkono kuvizunguka pande zote, vikalia kama kengele, mnunuzi asikie kwamba hakuna ufa. Yeye mwenyewe alinunua mitungi miwili kwa uzi mmoja wa shanga.

Mkusanyiko huo aliuandika kwa jina alilolisikia kwa wenyeji: chitoka. Ukimwambia mtu njiani, niuzie kuku huyo, anakujibu: njoo chitoka. Hakutaka kuuza pengine popote. Sikio la Mswahili linasikia “toka” ndani ya neno hilo, lakini hilo ni sikio letu, si ushahidi.

Sasa, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kujijengea Nyangwe kwa miaka kama kumi, na Kiswahili chao kilikuwa na neno tayari: soko, kutoka kwa Kiarabu suq. Kwa hiyo kwenye ukingo ule majina mawili yalikaa juu ya kitu kimoja. Au ndivyo inavyoonekana. Nionavyo, hayakuwa ya kitu kimoja.

Suq ni mahali. Ukiwa Unguja au Maskati unaweza kwenda sokoni usiku wa manane ukalikuta pale, mabanda yamefungwa, paka wanazunguka. Chitoka ilikuwa siku. Livingstone anaeleza kwamba walifanya chitoka siku moja, kisha siku tatu hawatokei, wanahudhuria sehemu nyingine kwa zamu, halafu wanarudi. Ukienda siku ya pili ukingo ni mtupu. Hakuna soko, pana mchanga. Kilichofanya pawe soko ni kuja kwa watu, na kilichowafanya waje ni makubaliano. Hata vijiji vikiwa na ugomvi, anasema, wanawake wanaokwenda chitoka hupita bila kuguswa. Palipotokea mabishano waliamuana wenyewe kwa wenyewe, na wingi wao uliwapa moyo.

Kiswahili cha pwani nacho kimejua soko la namna hiyo, ila kimelipa majina mengine. Gulio ni mojawapo. Wasambaa na majirani zao wanasema kugula kwa maana ya kununua, kama Waganda, na kama Wanyarwanda wasemao kugura. Gulio lina siku yake. Mtu husema “leo ni gulio”, kama asemavyo leo ni Ijumaa. Huko bara ya Tanzania mnada nao umeacha kuwa mahali pa kunadi ng'ombe tu, umekuwa siku: kesho mnada. Neno soko peke yake haliwezi hivyo. Jaribu kusema “leo ni soko” uone kama hujasikika kana kwamba umesahau neno katikati.

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya chitoka. Joto lilikuwa kali. Walikuja watu wapatao 1,500, wachache kuliko kawaida, maana ng'ambo ya mto moshi ulikuwa unapanda. Mtumwa mmoja wa mfanyabiashara wa pwani, jina lake Manilla, alikuwa amefanya urafiki na machifu wa upande ule, na watu wa Dugumbe bin Habib, mfanyabiashara mwingine wa pwani, waliona wamenyang'anywa nafasi. Walikuwa wanawafundisha adabu.

Livingstone alipita kati ya wauzaji kama alivyozoea. Aliwaona watu watatu wa Dugumbe wana bunduki. Jambo hilo lilimshangaza, maana silaha haikuwa kitu cha kuletwa pale, akataka kuwakemea, kisha akasema moyoni huenda ni wageni hawajui desturi. Mmoja alikuwa anavutana na muuzaji juu ya bei ya kuku. Livingstone akaanza kuondoka kwa sababu ya joto. Hajafika mbali, bunduki mbili zikalia katikati ya umati.

Watu walitupa mizigo wakakimbilia mitumbwi iliyokuwa imefungwa kwenye kijito. Kundi jingine lililokaa karibu na kijito likaanza kuwamiminia risasi wanawake. Mitumbwi ilikuwa kama hamsini, nayo ikaziba mlango wa kijito kwa kusongana, makasia yakasahauliwa, watu wakajitupa mtoni na kuanza kuogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, mkondo ukiwapinga. Aliona mstari mrefu wa vichwa juu ya maji, na vichwa vikapungua. Dugumbe mwenyewe alituma watu kwenye mtumbwi, wakaokoa 21. Aliyekuwa mbele katika mauaji Livingstone anamwandika Tagamoio, yaani Mtagamoyo. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400.

Mambo haya aliyaandika juu ya gazeti kuukuu la Standard la London, akikatiza mistari ya chapa kwa wino aliojitengenezea wa mmea. Wino ulififia hata mwandiko haukusomeka. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wamezipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali waliutoa hadharani mwandiko wa awali, nao unatofautiana hapa na pale na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 baada ya yeye kufa. Kilichobaki vilevile ni kuku. Ugomvi wa bei ya kuku, jambo la kila siku katika soko lolote duniani, ndio uliokuwa mlango.

Siku tano baadaye aliondoka, akarudi Ujiji kwa miguu, na huko Stanley akamkuta kabla mwaka haujaisha. Stanley akazipeleka barua za Livingstone. Zilipochapwa Uingereza mwaka 1872, chitoka ikawa “market” tu, na habari ya kuku na kijito ikatumika kama hoja dhidi ya soko jingine kabisa, lililokuwa Mkunazini, Unguja. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na kabla ya mwaka kwisha jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Tukisema soko la watumwa, sarufi ni ileile ya soko la samaki. Kiunganishi “la” hakioni tofauti.

Nyangwe je? Ningependa kuandika kwamba wanawake hawakurudi, ingefaa hadithi. Walirudi. Msafiri Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta soko linaendelea, na Stanley mwaka 1876 aliandika orodha ndefu ya vilivyouzwa pale. Watu wanahitaji chumvi. Kilichoizima Nyangwe ni vita vya watu wa pwani na Wabelgiji: kamanda wao Francis Dhanis aliuteka mji tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Daktari wa jeshi lake, Sidney Hinde, aliandika kwamba Nyangwe, mji wa watu kama elfu thelathini, ulibaki na nyumba moja kubwa na kambi ya askari. Kasongo ya zamani ya mfanyabiashara Tippu Tip nayo ikaja kuitwa Tongoni, na Mswahili yeyote anajua tongo ni nini: mahali palipokuwa na watu.

Lakini lugha haikuondoka na waliokimbia. Ilibaki Maniema ikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, ikaenea hadi leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Na Wamanyema wengine walikuwa wamekwisha kwenda upande wa pili, kama wapagazi, kama mateka, kama waungwana wapya, hadi Ujiji, Tabora na pwani. Dar es Salaam kuna Msikiti wa Manyema, nao upo Kariakoo, mtaa ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita na umaarufu wake umetokana na soko.

Soko la Kariakoo la sasa, lile la paa kama miavuli ya zege, lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975, likaungua Julai 2021. Hapo ndipo niliposikia matumizi ya neno hili ambayo nchi yote inayajua. Mahindi mwaka huu hayana soko. Hayana wanunuzi, siyo jengo. Kijana ameanza kazi, ni afisa masoko. Hajawahi kuuza hata nyanya, anakaa kwenye kompyuta. Mchezaji yuko sokoni: mkataba umeisha. Msichana, au mjane, au mwanamume aliyeachwa: bado ana soko. Hili la mwisho husemwa kwa kusifia, na anayesifiwa hucheka, na sijapata kusikia mtu akiuliza ni wapi duniani binadamu alipokuwa akipimwa meno ndipo neno hilo likamkaa. Pengine ni vizuri asiulize. Neno limekwisha kutembea mbali. “Usiniletee maneno ya sokoni”, kwa upande mwingine, humaanisha matusi, na hapo wauza mboga wanaonewa, maana matusi makubwa niliyopata kuyasikia yalitoka kwenye ofisi.

Tangu Julai 2010 tuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo halina mlango wala choo. Mwaka 2022 Kongo ikaingia katika Jumuiya, na hivyo Kasongo, Kabambare na Nyangwe, kwa karatasi, zimo ndani ya soko moja na Unguja kwa mara nyingine. Safari hii Wakongo wamekuja na Kiswahili chao, na humo mna kitenzi kinachoweza kumvuruga mhasibu.

Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, kuuza ni kununua. Kuuza kwetu, kwao ni kuuzisha. Watu wa pwani husema wameharibu lugha. Mimi nasema tuangalie vizuri nani ameharibu nini. Chukua kitenzi kua: mtoto anakua; ukimfanya akue, unamkuza. Hiyo “z” ni alama ya zamani ya kusababisha. Kwa mfano huohuo, mababu walikuwa na kitenzi cha kununua, kilekile cha Wanyarwanda, kugura, na cha Waganda, kugula. Ukimfanya mtu anunue, kwa sauti za Kiswahili ilikuwa kuuza. Kuuza kwetu, basi, kiasili ni kununulisha. Sisi tumesahau shina lake. Wakongo wamesahau zaidi kidogo, wakaona “uza” ni shina, wakalitia “-isha” upya: kuuzisha. Na Mnyarwanda, ambaye hakusahau chochote, anafanya hesabu ileile: kugura ni kununua, kugurisha ni kuuza.

Kama Kiswahili kingelihifadhi lile shina la kununua, lingekuwa limepoteza sauti zake kama yalivyopoteza maneno mengine, likabaki “ua”. Tungekuwa tunakwenda sokoni kuua. Nashuku, bila ushahidi wowote, kwamba ndiyo maana mababu walilitupa wakachukua kununua.

Mwisho wa mwezi mmoja nilikuwa Kigoma, kwenye soko la Mwanga, upande wa mawese. Mama mmoja wa makamo, kitenge cha rangi tatu, begi la plastiki kichwani, alisimama mbele ya meza ya msichana muuza mafuta. Alikuwa ametoka Kalemie, boti ilimshusha Kibirizi asubuhi ile.

“Dada, nataka kuuza mafuta.”

“Hata mimi nauza, mama. Nenda kule mbele, wapo wanaochukua jumla.”

“Hapana, dada. Nataka kuuza ya kwako.”

“Ya kwangu?” Msichana alilivuta dumu karibu na mguu wake. “Utauzaje ya kwangu?”

Mzee wa dagaa, meza ya pili, alicheka hadi akakohoa. “Mpe tu, mwanangu. Mama wa ng'ambo huyu. Kwao kuuza ndiyo kununua.”

“Na kuuza wanasemaje, babu?”

“Kuuzisha.”

Msichana alifikiri kidogo. “Haya mama, karibu. Nakuuzishia.”

“Ni franga ngapi?”

Wakaanza kubishana, na hapo walielewana kila neno. Bei ilipokaribia, yule mama alichuchumaa, akalipiga dumu kwa vifundo vya vidole, chini, katikati, juu, akalizunguka lote, kichwa amekiinamisha ubavuni mwa dumu anasikiliza.